Harufu katika Banda la Karafuu

Wakati wa likizo ya Aprili, Yusra hakungoja kuamshwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na fikira zake zote zilikuwa kwa farasi. Baba yake, Nassir, alitunza farasi watatu wa Bi Beryl huko Galu, wale ambao wageni wa mahoteli huwapanda wakatembezwa ufuoni. Wawili walikuwa mikononi mwa Nassir na msaidizi wake, Mwero. Wa tatu alikuwa dume wa rangi ya karafuu kavu, na jina lake lilikuwa hilohilo, Karafuu. Huyu aliachiwa Yusra, naye alimpenda kupita kiasi.

Kazi ya farasi ina mpango wake, na Nassir alikuwa amemfunza bintiye mpango huo kabla ya kumruhusu kukalia tandiko. Kwanza maji safi ndooni, si ya jana. Kisha brashi, kuanzia shingoni kwenda nyuma, ili mchanga usibaki chini ya tandiko ukamchubua mgongo. Kisha kwato zote nne, asubuhi na tena baada ya kupandwa. Unasimama ubavuni, unateremsha mkono mguuni taratibu hadi aunyanyue mwenyewe, halafu kwa chuma kilichopinda unachokoa mchanga, samadi na vijiwe vilivyojibana ndani. Mwisho unazoa uchafu wa bandani na kutandaza unga wa mbao mkavu. Ukishamaliza hayo yote ndipo nawe unapokwenda kunywa chai.

Yusra aliyapenda yote isipokuwa kwato. Kunyanyua miguu minne ya mnyama mzito si mchezo, na mgongo ulimwuma. Akajitafutia njia ya mkato. Sisi watu wa pwani tuna imani kubwa na maji ya chumvi. Ukijikata unaambiwa kaingie baharini, mtoto akitokwa na vipele anapelekwa baharini. Basi kila baada ya kumpanda, Yusra alimwingiza Karafuu majini hadi tumboni, na farasi alipotoka kwato zake ziling'aa. Yusra akajiambia kwamba bahari imeshamfanyia kazi yake, akamrudisha bandani na kile chuma kikabaki kimening'inia msumarini.

Jioni baba yake alipouliza habari za kwato, Yusra alijibu, "Tayari, baba." Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya Yusra ilikuwa ndefu kidogo, maana ilipitia baharini, lakini nayo ilikuwa na mwisho wake.

Mvua za masika zilipoanza, harufu ikaingia bandani. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, yenye utamu mbaya ndani yake, na haikukaa mahali pamoja. Mara iko mlangoni, mara iko pembeni, mara imepotea kabisa. Mwero alipanda juu akapekua makuti akitafuta panya aliyekufa, asione kitu. Nassir alifikiria kwato, akamwuliza bintiye, akajibiwa kama kawaida. Basi hilo akaliondoa akilini.

Mwero ndiye aliyemtaja Asumini. Asumini alikuwa farasi jike mweupe, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo mwaka uliotangulia katika banda lilelile. Mwero mwenyewe ndiye aliyemzika, chini ya mivinje, kando ya kijia cha mawe ya matumbawe kinachoteremka ufuoni. Alisema harufu aliyoisikia siku ile ya maziko ndiyo hii iliyorudi.

Ungeweza kumcheka Mwero, kama si mambo yaliyofuata. Karafuu alianza kugonga sakafu adhuhuri, jua linapokuwa utosini, saa ambayo watu wazima wa pwani huwakataza watoto kuzurura kwa kuhofia majini. Anagonga mara moja kwa mguu wa mbele, ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anagonga tena, kama mgeni anayepiga hodi asiyeitikiwa. Baadaye anausimamisha mguu ule ncha tu ya ukwato ikigusa chini, anakodoa macho kuelekea mivinjeni. Alipopelekwa ufuoni, alifika penye kaburi la Asumini akakataa katakata kukanyaga, hadi azungushwe kwa njia ya mchanga. Wale farasi wengine wawili walipita bila wasiwasi wowote.

Nassir alifukiza ubani. Moshi ulipanda hadi kwenye makuti, ukachanganyika na ile harufu, na mchanganyiko huo ukawa mbaya kuliko harufu yenyewe. Mwero akakataa kuingia bandani peke yake. Yusra naye alianza kuingia kwa kukimbia, anamimina maji huku midomo ikisoma dua, na anatoka bila kugeuka nyuma. Hata nyumbani, mbele ya sahani ya wali, aliisikia harufu ile kwenye vidole vyake. Aliosha mikono kwa sabuni na ndimu, lakini haikutoka. Aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kila alipotaka kuanza kusimulia, aliona ni lazima aanze na habari ya kwato.

Mambo yakafika ukingoni siku Karafuu alipojikwaa mchangani na mgeni akaanguka. Mgeni hakuumia, lakini Bi Beryl alifika saa hiyohiyo. Alikuwa mama wa kutoka bara, mkali wa maneno na asiyeamini majini.

"Nassir, niambie ukweli," alisema. "Huyu farasi ako na shida ya mguu?"

"Miguu yake haina neno, Bi Beryl. Binti yangu humchokoa kwato kila siku."

"Una uhakika?"

Nassir alimtazama Yusra, kisha akaweka mkono kifuani. "Wallahi," alisema, "kwato za farasi huyu ni safi."

Baba yake Yusra hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Hata sokoni Ukunda, wauzaji wanapoapa kwa jina la Mungu juu ya fungu la bamia, yeye huwaambia waache. Leo ameapa, tena kwa kuliamini neno la bintiye.

Bi Beryl alishusha pumzi. Alisema kama mguu ni mzima, basi farasi ameharibika tabia, na yeye hawezi kuweka mnyama atakayemwangusha mteja. Kulikuwa na mtu wa Msambweni aliyekuwa akitafuta mnyama wa kuvuta mkokoteni wa mawe ya kujengea. Jumamosi atakuja kumchukua.

Ijumaa adhuhuri Nassir na Mwero walikwenda msikitini, na Yusra akaachwa kuwanywesha farasi. Mvua ilikuwa imekatika. Mivinje ilikuwa ikivuma, ingawa hapo bandani upepo haukusikika. Alimwacha Karafuu awe wa mwisho. Alipoufikia mlango wake, alisikia mguu ukigonga sakafu, kisha kimya.

Alitaka kuiacha ndoo mlangoni akimbie. Lakini kesho yake Karafuu angekuwa Msambweni, na Yusra hakutaka kuagana naye kwa kukimbia. Akaingia. Harufu ilimpiga usoni. Karafuu hakuwa akitazama mivinje leo. Alikuwa akimtazama yeye, na mguu wa mbele ulikuwa umenyanyuliwa, unatetemeka.

Yusra aliinama. Kadiri alivyoinama ndivyo harufu ilivyozidi, mpaka akajikuta uso wake uko karibu na ukwato na hakuna haja tena ya kutafuta. Akaenda msumarini akakitwaa kile chuma. Tope gumu la mchanga na samadi lilipobanduka, chini yake palitoka kitu cheusi, cha kuteleza, na nyama laini ya katikati ya ukwato ilikuwa imelika. Farasi alishtuka kwa maumivu, lakini hakuuvuta mguu wake.

Asumini hakuwa amerudi. Harufu ilihamahama kwa sababu Karafuu mwenyewe alitembea nayo mguuni. Alikuwa akigonga kwa sababu mguu ulimwasha, na alikataa kupita kaburini kwa sababu pale ndipo penye mawe makali. Yusra alikaa chini kwenye unga wa mbao akalia. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kumsafisha kimyakimya. Lakini kufanya hivyo hakungemzuia mtu wa Msambweni. Na akisema ukweli, atakuwa amemtia baba yake aibu ya kiapo cha uongo mbele ya Bi Beryl. Alimwangalia Karafuu, akafikiria mguu ule ukivuta mawe.

Nassir aliporudi, bado akiwa na kanzu yake, alimkuta bintiye mlangoni na mikono michafu.

"Baba," alisema, "si jini. Ni kwato. Sijazichokoa tangu likizo ianze. Nilikuwa nikimwosha baharini tu, nikakudanganya."

Nassir hakumpigia kelele, na ingekuwa afadhali apige. Aliingia akaunyanyua mguu mwenyewe, akautazama kwa muda, akaurudisha chini polepole. Kisha akavua kofia, akatoka nje, na Yusra akamsikia akimwambia Bi Beryl kwenye simu kwamba jana ameapa uongo na anaomba radhi.

Daktari wa mifugo alikuja jioni ileile. Alikata sehemu zilizooza, akaosha, akapaka dawa, akaeleza kwamba ukwato unaokaa na uchafu na unyevu huoza kutoka ndani hata ukiwa unang'aa kwa nje. Maji ya bahari hayawezi kutoa kilichojibana. Akaagiza sakafu iwe kavu, kwato zichokolewe kila siku, na farasi asipandwe hadi apone. Bi Beryl alimrudisha mtu wa Msambweni mikono mitupu. Kwa Yusra alisema neno moja tu, kwamba hatapanda farasi wake yeyote hadi baba yake atakapomruhusu. Banda likaanza kunuka mbao tena, na Mwero akawa anaingia peke yake huku akijifanya hakuwahi kuogopa.

Jumatatu, Mwero alipoleta chai na mahamri, Nassir alikataa. Alikuwa amefunga kwa ajili ya kile kiapo. Mwero alimkumbusha kwamba maalimu wa msikitini amekwisha kumwambia hana dhambi, kwa kuwa aliapa akiamini ni kweli.

"Ni kweli alisema hivyo," alijibu Nassir. "Lakini mguu wenyewe ulikuwa mbele yangu nilipokuwa nikiapa, nami sikuuinua."

Yusra alisogea karibu. "Baba, hata mimi nitafunga."

Nassir alimkalisha kando yake. "Sikiliza, mwanangu. Uongo wako haukubaki kwako. Ulitoka kinywani mwako ukaingia kinywani mwangu, nami nikauapia. Kisha ukashuka mguuni mwa mnyama asiyeweza kusema. Watu wote tukamsingizia farasi aliyekufa, kwa sababu aliyekuwa hai na aliyejua alinyamaza. Aliyekabidhiwa kiumbe amekabidhiwa amana, na amana haitunzwi kwa kusema tayari. Inatunzwa kwa mikono." Akaelekeza kidole bandani. "Wewe hutafunga. Mimi nina changu cha kulipa. Chako wewe kiko bandani, kina miguu minne."

Adhuhuri, Yusra alipomaliza kazi yake ya kwato, mama yake alileta chakula cha mtu mmoja. Alikula akiwa ameketi kando ya baba yake, naye baba midomo yake imekauka kwa kiu, akimhimiza amalize. Yusra alikuwa amewahi kupigwa na amewahi kufokewa, lakini hajawahi kupewa adhabu iliyomwuma kama sahani ile.