Mizizi ya Nyuma ya Karakana

Kila asubuhi kabla ya shule, Kijiko alitwanga mizizi kwenye kinu cha bibi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu yeye ndiye aliyepima unga wa dawa: kijiko kizima kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto. Bibi alikuwa mtaalamu wa mitishamba, na sharti lake lilikuwa moja: mizizi ichimbwe kilimani, mwendo wa saa nzima.

Mdogo wake Kijiko, Kasuku, alikunywa nusu kijiko kila siku ili apate hamu ya kula. Mtoto huyo aliongea mpaka usingizini! Lakini wiki ya tatu Kasuku akanyamaza. Tumbo lilimsokota, choo kikawa kigumu, akabaki kujikunja kitandani.

"Muongezee," Bibi akasema. "Leo mpe kijiko kizima."

Kijiko akamimina unga nje ya kikombe.

"We, umezeeka kabla yangu?" Bibi akatania.

Kijiko hakucheka. Mwezi mzima hakuwa amekanyaga kilimani. Mti wa aina ileile uliota nyuma ya karakana ya fundi betri, dakika tano tu kutoka nyumbani. Alichimba hapo, akaruka kamba na wenzake mpaka saa ipite, kisha akarudi akihema kwa makusudi. Fundi alimwonya: "Hapo ndipo ninapovunjia betri mbovu. Hata kuku wangu siwaachi wadonoe." Kijiko akadhani ni mkwara tu.

Sasa alikuwa kama panya mtegoni: tundu la kuingilia analiona, la kutokea halioni. Akisema, jina la Bibi litachafuka mtaa mzima. Asiposema, Kasuku atakunywa.

Bibi akakoroga dawa, Kasuku akapokea kikombe. "Dada, nikimaliza yote nitapona?"

Kijiko akakipiga kikombe kikaruka na kuvunjika. "Usinywe!" Akaeleza yote, machozi na kamasi pamoja.

Bibi hakumgombeza. Alifunika mkebe wa unga, akambeba Kasuku mgongoni. "Vaa viatu. Hospitali haina miguu ya kutufuata."

Daktari alimpima Kasuku damu, akapeleka unga maabara. Majibu yakawa yale yale kotekote: madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari. Yalikuwa yamezama udongoni na kuingia kwenye mizizi.

"Hayaonekani, hayanuki, na ukichemsha hayatoki," daktari alisema. "Mmewahi. Tutamtibu."

Lakini majirani wa nyumba sita nyingine walikuwa wamechukua unga ule kwa Bibi.

"Bibi, watatucheka," Kijiko alinong'ona mbele ya mlango wa kwanza.

"Wacheke. Kicheko kinataka mtu mwenye afya. Bisha hodi."

Akabisha. Jirani mmoja aliwafokea, wengine wakashukuru. Wote wakarudisha unga na kwenda kupimwa.

Baada ya wiki kadhaa, Kasuku alianza tena kuuliza maswali mia kwa saa. Bibi akamkalisha Kijiko kando ya kinu.

"Dawa kutoka kwenye mti si lazima iwe salama, mjukuu wangu. Mzizi hunywa kilichomo ardhini, kiwe maji au sumu. Wewe ulinidanganya kuhusu njia. Mimi nami nilikosa: nilimwona mtoto anazidiwa, nikamuongezea dawa badala ya kumpeleka kwa daktari. Ukweli wako ulikuja umechelewa, lakini ulifika kabla ya kikombe."

"Na kikombe chenyewe kilikuwa changu," Kasuku akadakia. "Nani atanilipa?"