Dirisha la Hester Lumb

Mwanamume akitembea kaangalia juu, ama ni mwizi ama ni msanifu wa majengo. Huyu alikuwa msanifu. Soko la Leeds, Jumamosi asubuhi, watu wamebanana kuanzia kwa wauza samaki mpaka kwa wauza jibini, naye anarudi kinyumenyume akishangaa vyuma vya paa. Puu! Mguu ndani ya boksi la kofia.

“We! Macho umeyaacha wapi?”

“Kwenye paa,” akajibu bila haya.

“Basi liambie hilo paa linishonee kofia nyingine!”

Ndiye Hester Lumb huyo, mshona kofia, gauni la kijani limembana kiunoni, mashavu yamewaka. Na yule mwenye koti la sufu na penseli sikioni ni Hedley Crowther, mtoto wa mchonga mawe wa Halifax, aliyekwisha kujenga makanisa mawili madogo na shule. Akambebea kofia yake iliyopondeka mpaka nyumbani.

Mimi na mume wangu tuna duka la dawa chini ya nyumba ya mama yake Hester, na simu ya mtaa mzima ni yetu. Ikilia jioni napanda ngazi kumwita, kisha nasimama pale pale. Duka ni langu, niende wapi?

“Mgomvi wangu hajambo?” Hedley anauliza.

“Hajambo. Unakuja Jumapili?”

“Nakuja. Mwambie mama aoke ile keki ya tangawizi.”

“Unanipenda mimi au keki?”

“Keki haigombi, mpenzi.”

Sasa, kwetu Uingereza sheria inasema dirisha lililopata mwanga miaka ishirini halizibwi bila ridhaa ya mwenye nyumba. Ndiyo maana Mama Lumb ametundika kibao chini ya dirisha la Hester: MWANGA WA KALE. Wageni hucheka. Hester hacheki, maana hapo ndipo anapolinganisha rangi za utepe. Dirisha likizibwa, kazi imekufa, na mama na binti watakula nini?

Tajiri mmoja wa sufu, Ibbotson, akanunua kiwanja cha nyuma ajenge ghala la ghorofa sita. Msanifu wake ni Hedley. Kazi kubwa ya kwanza maishani mwake. Hester hakuwa na wasiwasi, hata siku Hedley alipoweka kikombe cha chai chini akaanza kupima dirisha kwa futi ya kamba. Alisema ni mazoea ya kazi.

Kisha Ibbotson akaja mwenyewe. “Mama Lumb, utanikubalia tu nizibe dirisha. Crowther kasema, ‘Wale wanawake niachie mimi.’”

Hester alishuka mbio, akampigia Hedley.

“Ulisema uachiwe wewe? Ulisema?”

“Nilisema, lakini—”

“Kumbe ulifuata dirisha! Keki umekula, mama yangu ukamwita mama, kumbe unapima!”

“Umeamini maneno ya Ibbotson?”

“Jibu!”

“Ukishaniona tapeli, nikujibu nini?” Akakata simu.

Nilitamani nipite ndani ya waya nimzabe kofi.

Kesho yake Hester akavaa kofia akaenda ofisini kwake kumalizia matusi yaliyobaki. Yuko kwenye ngazi, akasikia Ibbotson akinguruma.

“Ukuta unarudi nyuma kila ghorofa hivi kwa ajili ya nani? Nataka ghala, si ngazi ya kuku!”

“Nilikwambia wale niachie mimi. Maana yake usiwaguse! Ukuta ukisogea kupita hapa, yule binti haoni utepe wake. Mchoro ndio huu. Huutaki, mlango ule pale.”

“Hakuna tajiri wa mji huu atakayekupa hata banda la nguruwe!”

“Toka!”

Ibbotson akampita Hester bila hata kugusa kofia yake kumsalimu. Hester akaingia.

“Mbona hukunieleza kwenye simu?”

“Hukuuliza, ulihukumu! Mtu kaja na sentensi moja tu, ukaniuza. Hester, mimi?”

Ukoo wa Lumb haujui kuomba radhi. Alitazama sakafu, akatazama dari.

“Samahani.”

“Sijasikia.”

“Umesikia! Na mimi nina hasira. Ulinikatia simu.”

“Sina kazi tena.”

“Mimi ninayo. Nioe.”

“Watasema nimeoa dirisha.”

“Waseme. Unanioa au hunioi?”

“Nakuoa. Lakini si leo, leo nimekasirika.”

Walioana Mei. Ibbotson akatafuta msanifu mwingine, akaogopa mahakama, akajenga ukuta ukirudi nyuma vilevile, kwa mchoro uleule wa Hedley. Jina la yule mwingine likachongwa kwenye jiwe la mlangoni. Hedley akabaki kujenga vyoo vya shule na mazizi ya ng’ombe mpaka mvi zikamtoka.

Akipita pale, yeye huangalia juu. Hester hutema mate kwenye lile jiwe, kila mara, na mimi humshikia mwavuli.