Fizi za Loice

Mapenzi ya Kampala hii hakuna anayeyasimulia kunishinda. Majirani walikuwa wakiacha ugali jikoni waje kwangu wasikilize. Haya, kusema kweli, kilichowaleta ni ugomvi wangu na mume wangu, na ugali wao uliungua bure.

Loice Nabangala, Mkenya wa ng'ambo ya Busia, aliuza mivumba, nguo za mitumba, pale soko la Owino, suruali za kiume, kwenye kichochoro ambacho mtu hupita kwa ubavu. Siku hiyo alivaa blauzi ya manjano ya kuita wateja. Lakini kila akicheka, mkono uliruka kufunika mdomo. Fizi zake zilikuwa zimepanda, meno ya mbele yakabaki marefu, mizizi nje kama mihogo iliyofukuliwa na mvua.

Akatokea Ochan, askari wa benki, mtoto wa kambi ya jeshi ya Mbuya, kola imepigwa pasi mpaka inakata shingo.

"Nyabo, hii suruali haina ndugu yake mrefu?"

"Ndugu yake alikataa kuja mjini. Kata miguu, ssebo."

Ochan akacheka, na Loice akaona fizi nyeusi tii, meno yametulia juu yake kama mchele kwenye sinia. Moyo ukamwenda mbio.

"Na wewe, mbona unacheka kama mtu ameiba mandazi? Toa mkono nione."

"Utaona ukirudi."

Neno limeshatoka. Kesho yake akakimbilia kwa Maimunah, daktari wa meno huko Kisugu, mama mmoja mpole mwenye mikono baridi. Maimunah akaisafisha ile mizizi, akaipaka dawa ya kuzibia meno, ile yenye rangi, ifanane na ufizi. Kwanza akaweka ya waridi. Loice akashika kioo.

"Daktari, huu ufizi wa Mzungu! Umenivalisha mdomo wa mtu mwingine."

Ikabanduliwa. Maimunah akachanganya kahawia na zambarau mpaka rangi ikakubali.

"Nimefunika tu, dada, sikuponya," akasema. "Mfupa ulioshika meno haya ya mbele umeliwa. Hayatakaa. Na using'ate kitu kigumu."

Loice alisikia "nimefunika". Mengine akayaacha kwenye kiti.

Ochan akarudi, akauona mdomo wazi, akasahau suruali. Zikaanza simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda. Kesho nakuletea nini?"

"Mchuzi wa mbuzi, na wewe mwenyewe uubebe."

Mwisho Ochan akampeleka Mbuya kwa mama yake, Adoch, mjane wa mwanajeshi. Loice akavaa gomesi ya kijani, mabega yamesimama kama paa la kanisa. Nyumba ile ina desturi yake: msichana aliyeletwa na mtoto wa kiume hupewa na mama mwenyewe mfupa wa kwanza, wa nyama iliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa simsim, yaani ufuta, autafune mbele ya watu. Akiukubali, amekubali nyumba.

Loice akautazama mfupa. Mfupa ukamtazama.

"Mama, mimi sili nyama."

Ochan akageuka ghafla. Si juzi tu alikuwa akililia mbuzi?

Adoch akaurudisha mfupa chunguni taratibu. "Mwanangu, huyu anaogopa chungu changu. Anadhani sisi watu wa kaskazini tunaua wageni kwa sumu."

Simu ya jioni haikuwa na mpenzi ndani yake.

"Umemtukana mama yangu mbele ya majirani."

"Sikumtukana, Ochan."

"Basi kwa nini?"

Loice akafunika mdomo kwa mkono, na Ochan akakata simu.

Loice akauza suruali bila kutania mtu. Asubuhi moja alikuta damu kwenye mto, na jino moja la mbele likaanza kucheza, ulimi ukiligusa tu. Maimunah alipompigia aje ang'olewe jino hilo, hakupokea.

Mwezi ukapita. Ochan akasimama tena mbele ya kibanda, kola imelegea, macho mekundu.

"Nimeshindwa," akasema. "Niambie tu, ulimwogopa mama yangu?"

Loice akamwambia: fizi zilizopanda, dawa ya rangi, mfupa aliokatazwa. Ochan akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Kumbe ni rangi tu! Mama atakupikia uji, wewe! Loice, nataka kukuoa. Lakini mimi nachoka na kufichwa. Kama iko kitu ingine, sema sasa, nitabeba. Kesho sitabeba."

Loice akaangalia ile kola iliyokosa pasi kwa ajili yake.

"Hakuna kingine. Meno yenyewe ni mazima, daktari amesema nitazikwa nayo."

"Basi nione hiyo rangi inaanzia wapi. Yule daktari ni fundi!"

Akamwinua kidevu, akicheka, akapitisha kidole polepole kwenye ufizi, kama anayepapasa kitambaa kabla ya kununua. Kidole kikashuka kwenye jino.

Jino likaenda mbele, likarudi.

Kicheko kikamkauka Ochan mdomoni. Hakuondoa kidole. Akaligusa tena, polepole kabisa, na Loice akafumba macho.