Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea. Mtu mwingine asingeona, lakini Fundi Makochi alikishona kile kiti kwa mkono wake mwenyewe, sponji alikata yeye, na alijua sponji yake inavyokaa ikiwa tupu na inavyokaa ikiwa na mtu. Pale nyuma ya rafiki yake Kinyozi, sponji ilikuwa imeshuka vidole vinne. Halafu kengele ya mkanda ilikuwa inalia, ti, ti, ti, ile inayomkumbusha abiria kujifunga.

"Zima hicho kidudu chako," Kinyozi alisema.

"Hakizimwi. Kinataka aliyekaa nyuma afunge mkanda."

"Basi mfunge, asije akaumia."

Kinyozi alicheka. Fundi hakucheka, kwa sababu nyuma hapakuwa na mtu wala mzigo. Bia zote zilikuwa kwenye buti.

Na hizo bia ndizo chanzo. Ng'ambo ya mpaka kuna mama mmoja anapika bia mwenyewe kwenye matangi madogo nyuma ya nyumba yake, kila tangi na ladha yake: moja nyeusi inanukia kahawa, moja ina ganda la chungwa, moja chungu mpaka masikio yanasimama. Kinyozi alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba Jumamosi watakunywa kitu ambacho baba zao hawakukionja. Akamsihi Fundi, mwenye gari, waende asubuhi warudi jioni. Wakaenda. Wakaonja, wakasifu, wakanunua chupa thelathini na sita.

Ila sheria ya forodha ni chupa kumi na mbili kwa kila kichwa. Karani wa geti la ng'ambo aliuliza bila kuinua macho, "Mko wangapi?"

"Watatu," Kinyozi alijibu palepale. "Mwenzetu amelala nyuma ya gari. Bia ya huyu mama si mchezo."

Karani akaandika watatu, akagonga muhuri. Fundi alikuwa amesimama kando, na Fundi, watu wote wanajua, hasemi uongo hata kwa mtoto anayelia. Alinyamaza tu. Siku hiyo kunyamaza ndiko kulikomponza.

Sasa walikuwa kwenye kile kipande cha katikati, kati ya geti la ng'ambo na geti la kwao, mwendo wa dakika tano, vumbi na waya pande zote mbili. Fundi alisimamisha gari, akanyoosha mkono nyuma, akaufunga ule mkanda. Kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala juu ya kiti. Ulikaa umevimba kwa mbele, kama umezunguka tumbo la mtu aliyeshiba.

"Kinyozi," alisema polepole. "Tazama nyuma."

Kinyozi alitazama, akageuka mbele, akajifuta jasho. "Endesha tu, ndugu yangu."

Kwenye geti la kwao, afande, mama mmoja mnene mwenye miwani, alisoma karatasi, akachungulia ndani ya gari. "Hapa pameandikwa watatu. Nawaona wawili. Wa tatu mmemtupa wapi?"

Kinyozi akaanza kutafuna maneno. Afande akamkatiza. "Rudini mkamlete, au mkasahihishe karatasi. Sifungui."

Wakageuza. Katikati ya njia, chini ya mwavuli uliopasuka, bibi mmoja alikuwa anauza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori. Kinyozi alipoteremsha kioo kununua mawili, bibi alimpa matatu.

"Nimesema mawili, bibi."

"Na huyo wa nyuma hali?"

Fundi akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Bibi, unamwona?"

"Namwona kila siku. Wako wengi humu. Walitoka huku wasipokelewe kule, wamebaki hapa hawana upande. Wanachongoja ni kuhesabiwa tu. Nyinyi mmemhesabu, basi amepanda." Alimenya yai taratibu. "Nisikilizeni wanangu. Hana ugomvi na nyinyi. Mwambieni askari mko watatu, mshikilie neno hilohilo, mtapita naye, na huko mbele atashuka aende zake. Lakini namba mliyompa msimnyang'anye. Ukimnyang'anya mtu kiti chake, atakaa cha mwenzake."

"Mimi nimemwelewa bibi," Kinyozi alisema. "Tuseme watatu. Na bia zetu zipite."

"Uongo ndio umetufikisha hapa, bado unataka kuongeza?" Fundi alisema. "Njia ya mwongo ni fupi. Tunakwenda kusahihisha."

"Fundi, nakuomba."

"Gari ni langu."

Wakaenda. Wakarudisha chupa kumi na mbili, Kinyozi akiziaga moja moja kama ndugu wa damu. Karani akakata tatu kwa kalamu nyekundu, akaandika mbili, akagonga muhuri. Muhuri ulipogongwa, ndani ya gari kulisikika mtu akivuta pumzi ndefu. Ikaja harufu, ya hamira iliyochacha na nywele zilizoungua, na Kinyozi, ambaye harufu ya nywele anaijua kama ya mkate, akafunga pua.

Kwenye geti la kwao, yule afande alipokea karatasi na hati mbili za kusafiria. Akachungulia. Akahesabu kwa kidole.

"Mnanichezea? Mwanzo mmeandika watatu mko wawili. Sasa mmeandika wawili, mko watatu."

Afande akafungua hati ya kwanza, akamtazama Fundi, akamrudishia. Akafungua ya pili, ya Kinyozi, yenye picha ya Kinyozi. Akapitisha macho juu ya kichwa cha Kinyozi mpaka nyuma, akatikisa kichwa kuridhika, akaipitisha hati dirishani. "Shika, mzee."

Hati ilipita kando ya sikio la Kinyozi na kuchukuliwa.

"Na wewe wa mbele, hati yako iko wapi?"

"Afande, hiyo ndiyo yangu. Tazama picha."

"Nimeitazama. Shuka."

"Afande, huyu ndiye Kinyozi," Fundi alisema. "Nakula naye miaka ishirini. Huko nyuma hakuna mtu."

"Huko nyuma kuna mtu mwenye hati. Huyu ndiye hana." Malori yalikuwa yanapiga honi. Askari wawili wakaja wakafungua mlango, wakamshusha Kinyozi kwa adabu, kama wanavyoshushwa walevi.

Kinyozi akainama dirishani. Utani ulikuwa umemwisha. "Fundi, nenda nyumbani. Mwambie mke wangu akupe kitambulisho changu, kiko kwenye droo ya mashine za kunyolea. Uje nacho kabla hawajafunga. Nakungoja kwa bibi wa mayai."

"Nakuja, ndugu yangu."

"Na hicho kilichokaa nyuma, usizungumze nacho njiani."

Geti likafunguka. Fundi akaendesha, mikono imebana usukani, macho hayataki kioo, na huko nyuma kikaanza kikohozi, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, na Fundi akakijua, maana hicho kikohozi alikisikia kila Jumamosi akiwa amekalia kiti cha kunyolewa, kisha baada ya kikohozi ukaja mluzi, wimbo uleule ambao Kinyozi huupiga akinoa wembe, na mahali palepale anapoukosea akaukosea, na kila kilomita moja sauti ilizidi kuwa ya mtu na harufu ilizidi kupungua, mpaka walipoingia mtaani ndani ya gari hamkuwa na harufu yoyote isipokuwa sabuni ya kunyolea.

Alisimama mbele ya nyumba ya Kinyozi, akashuka mbio kabla injini haijazima. Mke wa Kinyozi akafungua mlango.

"Shemeji, nipe kitambulisho cha mumeo, upesi, yuko—"

Mwanamke hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama gari, anacheka.

"Na wewe baba watoto, leo umekaa nyuma kama bosi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Siku ya pili Fundi alirudi mpakani na mashahidi wanne, bila kitambulisho, maana droo sasa ilikuwa na mwenyewe. Afande akafunua daftari. Kinyozi aliingia jana, sahihi hii hapa, na mtu haingii mara mbili bila kutoka. Wa geti la ng'ambo nao wakafunua la kwao. Alishatoka, hawamjui tena. Mashahidi walitazamana, maana asubuhi ileile wote wanne walinyolewa dukani. Wakamshika Fundi mkono taratibu, wakamshauri apumzike.

Fundi alikwenda pia kwa mganga. Mganga alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hufukuza aliyeingia bila ruhusa. Huyo ana muhuri."

Duka liko wazi. Wateja wanasema mkono wa Kinyozi siku hizi ni mwepesi, ila wa baridi. Mkewe alimfuata Fundi karakanani na kanga mpya ya zawadi kwa mke wake. "Shemeji, sijui mlimfanya nini safari ile. Pombe hagusi. Usiku hatoki. Watoto anawasomesha mwenyewe. Namshukuru Mungu kila nikiamka." Fundi aliipokea kanga.

Nywele zake mwenyewe sasa zimefika mabegani. Na kila wiki huvuka, husimamisha gari kwenye mwavuli uliopasuka. Kando ya bibi afande haoni mtu, anamwona Fundi tu, akiongea na hewa. Lakini Kinyozi yupo, amekaa karibu na bibi wa mayai, amekonda, vumbi limemwingia mpaka kwenye kope. Mwanzo aliuliza juu ya kitambulisho. Kisha akaacha. Wiki iliyopita aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ambayo Fundi ilibidi ainame aisikie.

"Mke wangu ananiulizia?"

Fundi aliangalia vumbi. Aliyaona malori yakipita, karatasi zikigongwa mihuri, watu wakihesabiwa wakienda makwao. Kisha akamtazama rafiki yake usoni.

"Kila siku," alisema.