Nani Alimutosha Vestine?

Siku ya soko hapo Masisi, ukitaka kuchaji simu kwa Papa Floribert, uwe na viwiko vikali. Siku hiyo watu walijazana hadi barazani, simu zimefunika meza nzima, na harufu ya jibini mbichi inaingia kutoka nje. Katikati ya zogo alikaa Vestine, kitenge cha njano, kilemba kimefungwa kwa madaha, anachora ukurasa wa mtandao wa koperative ya jibini ya mama yake. Mara mashine yake ya kompyuta ikazima.

"Ni nani alitosha fil yangu?" aliruka.

Kijana mrefu wa shati jeupe alikuwa amesimama nyuma yake na waya aliouchomoa mkononi.

"Njo mimi, dada. Nilizania iko ya muntu alishaenda."

"Alishaenda wapi na niko hapa? Haunione?"

"Nakuona sana. Njo maana sikuona fil."

Watu wakacheka. Vestine alijitahidi kukasirika, akashindwa. Kazi ya saa mbili ilikuwa imepotea, na yule kijana, Plamedi wa Mpofi kule Walikale, akavuta kiti waianze upya pamoja. Naye alichorea wakulima wa kakao kurasa zao, tena kwa programu ileile, Kinyonga. Hadi soko linavunjika walikuwa wameshakula kipande kizima cha jibini na kubadilishana namba.

Miezi minane ya simu ikafuata. Kisha Papa Floribert akawaletea habari: watengenezaji wa Kinyonga walitafuta watu wa kulijaribu toleo jipya kabla halijatoka, toleo la kwanza lenye Kiswahili. Wakagawana. Vestine alitumia Kiswahili, Plamedi Kifaransa, kila mtu kwao, ukurasa mmoja na ripoti moja.

"Allô, chérie. Version mupya unaionaje?"

"Rangi iko muzuri, inafunguka mbio. Lakini Kiswahili yake! Utasema padiri anahubiri."

"Na mimi, unanionaje?"

"Wewe njo version ya zamani. Unachelewa kufunguka."

"Basi dimanche nitafunguka mbele ya mama yako. Nakuya na baba mukubwa."

Vestine alijibana asipige kigelegele. Mwanaume kuja Jumapili na baba mkubwa si matembezi. Ni kuomba mke. Mama yake, Mama Emérita, alipoambiwa, alikwenda moja kwa moja kutenga jibini kubwa kuliko zote.

Alhamisi waliweka picha zao chini ya ukurasa, moja kwa kila mchoraji. Ijumaa asubuhi Vestine akafungua mashine. Plamedi alikuwa pale, anacheka. Kando yake palikuwa na fremu nyeupe, tupu. Pembeni, pale Kinyonga kinapoorodhesha kila alichofanya mtu, paliandikwa: *Plamedi: Tosha Vestine.*

Alisoma mara tatu. Kwetu kutosha ni kuondoa, mtoto wa Masisi anajua hilo kabla ya kutembea. Machozi yakadondoka juu ya kitenge. Plamedi alipiga simu mara kumi na moja. Vestine akaiacha ilie, kisha akaizima. Halafu akafungua ripoti, maana kazi ni kazi, akaandika: "Namba saba. Buto ya Tosha inatumika muzuri sana. Inatosha muntu bila kumuambia sababu. Hii version iko ya wanaume wa bongo, wenye kudanganya." Akaituma kwa watengenezaji, kwa hasira yote.

"Mupigie," alisema Mama Emérita.

"Mama, alinitosha!"

"Muntu mwenye kukutosha anakuita mara kumi na moja?"

Kule Mpofi, Plamedi aliisoma namba saba akabaki mdomo wazi. Alitosha nani? Akageuza Kinyonga chake kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili, akatafuta. Pale palipokuwa *Ajuster*, aliyoifinya Alhamisi, sasa paliandikwa *Tosha*. Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akakumbuka Jumapili, akaacha kucheka.

Jumamosi hakumngoja baba mkubwa. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, kulipokucha, mashine imefungwa ndani ya plastiki, akaingia kwa Papa Floribert na shati ambalo zamani lilikuwa jeupe. Vestine alikuwa palepale.

"Mwanaume wa bongo alishafika," alisema Plamedi.

"Toka."

"Nitatoka. Kwanza uangalie hii."

Alifungua mashine yake. Ndani ya fremu alikaa Vestine mzima, kilemba na vyote, kando ya Plamedi. Koneksyo dhaifu ya Masisi ndiyo iliyokuwa haijaileta picha.

"Ilikuwa kubwa, fremu ikakata kilemba yako. Sikupenda kilemba ikatwe, nikafinya *Ajuster* ienee fremu. Sasa batu baliandika Kiswahili, baliweka Tosha! Kwabo kutosha njo kuenea. Nilikueneza ndani, sikukuondosha."

"Bongo."

"Njo vile," akaingilia Papa Floribert. "Nilikaa Kigoma. Kule muntu akishiba anasema imetosha."

Vestine alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mabega yalianza kutikisika, na Plamedi akaogopa analia. Alikuwa anacheka.

"Namba saba nilishaituma!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wakaandika nyingine hapohapo, vichwa vimegusana: "Tunaomba neno Tosha libadilishwe. Kwetu linavunja ndoa kabla haijafungwa."

Jumapili baada ya misa baba mkubwa alifika, kofia mkononi, akakaa mbele ya Mama Emérita na ukoo wake. Baada ya maneno marefu ya heshima akamgeukia msichana.

"Binti yangu, huyu kijana wetu, unamuona je?"

Vestine alimtazama Plamedi, macho yamejaa utundu na mapenzi.

"Ananitosha, papa."

Shangazi mmoja akasema "Yesu!" na baba mkubwa, uso umemshuka, akavaa kofia yake asimame.

"Kiswahili ya Kinyonga!" Plamedi alipiga kelele. "Papa, ukae! Iko Kiswahili ya Kinyonga!"

"Ananienea," alisema Vestine, akicheka na kulia kwa pamoja. "Ananienea kabisa."

Baba mkubwa akavua kofia, na Mama Emérita akaomba kisu cha jibini.