Hodi Kutoka Ukutani

Siku waliyokabidhiwa funguo, Daktari alifungua mlango na kitasa kikambakia mkononi. Alikitazama kama anavyotazama jino bovu kule kliniki kwake, akakitia mfukoni, akamwambia mkewe waingie. Fleti ile ya ghorofani walikuwa wameiota tangu harusi yao. Tangazo lilisema ni makazi ya kifahari. Kifahari, masikini! Sakafu ya bafu iliinamia upande usio na tundu, kwa hiyo maji ya kuoga yaliwafuata hadi chumbani. Kabati la jikoni halikufunguka mpaka friji isogezwe. Na zile kuta zilikuwa nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya, wao ndio walioitikia "afya."

Kuta hizo ndizo zilizowaponza. Hodi ya jirani ilisikika kwao kama imebishwa mlangoni pao, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha hodi bila jibu. Daktari alikuwa akijibu "Karibu!", anafungua, anakuta korido tupu, anarudi akilaani mjenzi na ukoo wake wote. Baadaye alichoka kufungua. Akawa anajibu tu akiwa amekaa.

Jioni moja walikuwa mezani na binti yao mdogo Kidoti, hodi ikaja ya sauti nzito, kama ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Karibu, pita ndani!" Daktari alisema, mdomo umejaa chakula.

Mkewe, mwalimu wa hisabati, aliweka kijiko chini. "Baba Kidoti, hiyo hodi imetoka ukuta huu wa dirishani."

"Ni ya jirani, mama."

"Jirani gani? Huku ni nje. Huku ni hewa mpaka chini."

Kidoti aligeuka kwenye kiti chake, akaupungia mkono ukuta.

Kesho yake nyumba ilinuka saruji mbichi, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua. Doa la unyevu likatokea ukutani. Meneja wa jengo alikuja, akalitazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Jengo jipya hilo, daktari. Linatulia."

"Na kukohoa je?" mke aliuliza. "Maana jana lilikohoa."

Meneja alicheka akaondoka, na fundi aliyeahidiwa hakuonekana. Daktari alipandwa na hasira ambayo haikumruhusu kuona kingine. Kila akitoka kazini alipitia ofisini kwa meneja kugombana, akipanda juu anapima doa kwa shubiri, anapiga picha, anatukana. Mkewe alipomwambia wahame, alikuja juu. "Nihame nyumba yangu kwa uzembe wa watu? Wataitengeneza, wapende wasipende!"

"Mtoto anapoa, baba," mkewe alinong'ona. "Mshike mkono."

"Ni huo unyevu. Ndiyo maana nagombana nao."

Nalo doa liliendelea kupanda, likatoa bega, likatoa shingo, na ilipofika magharibi na taa za korido kuanza kumemeteka, pumzi ilisikika ndani ya plasta, ndefu na ya tabu, ikitembea kutoka dirishani kupita nyuma ya kabati hadi chumbani kwa Kidoti, na hapo ikatulia, na mama yake akiweka sikio mlangoni alisikia mtoto akicheka kile kicheko cha kutekenywa, naye akiingia anamkuta peke yake, baridi kama kigae, macho yamekodolea pembe ya dari.

Mwalimu hakuomba ruhusa tena. Alimwita shangazi yake, mtabibu wa mambo hayo, ambaye alifika mchana na chupa ya maji ya dua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani alimkaribisha?"

Daktari aliinua mkono taratibu, kama mwanafunzi. Aibu ilimshika kweli.

"Basi wewe ndiye wa kumuaga. Mwambie aende kwa amani."

Aliuaga ukuta kwa adabu. Shangazi alisoma, akanyunyiza maji, akaegemeza paji la uso ukutani. Palepale doa likaanza kukauka mbele ya macho yao, bega likayeyuka, harufu ikakatika. Mke alilia kwa furaha, amempakata Kidoti.

"Ametoka?" Daktari aliuliza.

"Ukutani ametoka." Shangazi hakuonekana kufurahi. "Amenilalamikia sana. Anasema alikaribishwa kwenye nyumba, akakuta takataka. Plasta inavuja, mabomba yanapiga kelele, hapati pa kulaza mgongo. Amekagua kila chumba, juu hadi chini."

"Hata yeye!" Daktari alisema, akakaribia kucheka.

"Anasema jengo zima ameona kitu kimoja tu kilichoumbwa vizuri."

Mke aliacha kulia. Mtoto mapajani mwake alikuwa amepata joto ghafla, joto zuri, la mtu mzima wa afya. Kidoti, ambaye mpaka siku ile hakujua zaidi ya "mama" na "maji," alimtazama baba yake, akasafisha koo lenye vumbi.

"Usigombane nao tena," alisema. "Nimeshahamia."