Unabii wa Tarehe Sita

Aliyemkuta Akilimali amekufa ni Méthode. Ilikuwa Alhamisi, tarehe saba Januari 2021, saa moja asubuhi, ndani ya gereji iliyogeuzwa studio, nyuma ya nyumba ya kupanga huko Seven Hills, pembeni ya Sydney.

Méthode alikwenda pale kumwombea msamaha mwanawe, Armel, aliyemtukana Akilimali mbele za watu. Mlango alifunguliwa na Généreuse, mke wa Akilimali, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Hata barakoa alikuwa hajaivua.

"Nenda kamwamshe, shemeji. Atakuwa amelala kwenye kiti tena na Marekani yake."

Méthode akasukuma mlango wa gereji. Taa zilikuwa zinawaka. Akilimali alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka, damu imeshakauka kwenye zulia. Kando yake stendi ya chuma ya kamera. Simu yake haikuonekana popote.

Polisi walikuja wawili. Mkubwa aliingia ndani, kijana akabaki kulinda mlango, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Méthode akachungulia. Aliona watu wenye bendera wanavunja madirisha ya jengo kubwa jeupe.

"Sinema?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha kubabaisha.

"Si sinema, mzee. Washington. Wanaingia Bungeni sasa hivi."

Méthode aligeuka akatazama zile taa zinazowaka bure. Miezi miwili mizima Akilimali alikuwa akiwatangazia Wakongo na Warundi wa Sydney, na ndugu zao walioko makambini, kwamba siku hii Bwana atazipindua kura za Marekani na rais aliyeshindwa atabaki. Siku imefika, naye hakuiona.

Unabii haukuwa wake. Ulikuwa wa Mchungaji Clifford, Mkenya aliyesoma mpaka chuo kikuu na aliyekuwa akisafisha ofisi za mjini. Akilimali alimpa kamera na sauti. Na watu waliamini, kwa sababu mtu wa maji ya shingo hushika hata unyasi. Karibu kila nyumba ilikuwa na ndugu aliyekwama kambini Tanzania akingoja safari ya Marekani. Wakubwa wa Washington walikuwa wamepunguza idadi ya wakimbizi mpaka ikabaki kijisehemu, na hakuna mkubwa aliyepiga simu kambini Nyarugusu kueleza kwa nini. Mchungaji akasema: rais akibaki, atafungua mlango, nimeonyeshwa. Mwenye njaa akiambiwa chakula kinakuja, haulizi mpishi ni nani.

Saa sita mchana Sajenti Hollis, mpelelezi wa kike mwenye sauti ya chini, alimkamata Armel.

Walimwita Méthode kituoni. Katikati ya meza waliweka simu, na ndani yake mkalimani aliyekuwa Melbourne.

"Marehemu alipigwa Jumatano, kati ya saa moja na saa nne usiku," alisema Sajenti. "Alama za vidole za mwanao ziko kwenye stendi."

"Yeye ndiye aliyekuwa akimfungia kamera. Ungekuta zangu hapo ndiyo ushangae."

"Jumapili alimwambia marehemu kwamba kabla Jumatano haijaisha atamnyamazisha. Watu kumi wamesikia."

"Alimaanisha kura zitahesabiwa, uongo utaonekana."

"Na Jumatano usiku alikuwa wapi?"

"Kwenye gari, anapeleka vyakula. Baadaye alilala humo humo, kachoka."

"Peke yake," alisema Sajenti, na mkalimani wa Melbourne akarudia, peke yake, kama vile Méthode hakulielewa la kwanza.

Wakili ambaye Armel alipewa bure hakumficha Méthode. Armel hakuwa raia. Akihukumiwa, viza itafutwa, atapelekwa Burundi, nchi aliyoisikia tu, maana alizaliwa kambini. Méthode alikuwa amemzika mkewe Fébronie mwezi wa Agosti. Hakumwona akikata roho, kwa kuwa wakubwa wa afya walikwisha kuamua mgonjwa ana mgeni mmoja na saa moja, na saa ilikuwa imepita. Aliambiwa ni kanuni. Sasa kanuni nyingine ilikuwa inamjia Armel, na baada ya Armel hakukuwa na mtu.

Alipiga moyo konde akaanza kuuliza mwenyewe.

Jirani mmoja, mzee wa Kivietinamu aliyehamia kutoka Cabramatta, alimwambia kwamba Jumatano, jua halijazama, aliona mwanamke mwenye sare ya uuguzi akitoka kwenye ile gereji. Méthode alimjua. Kawira, Mmeru wa Kenya. Ni yeye aliyeandika kwenye kundi la simu kwamba huyu Akilimali na uongo wake wa chanjo atatuua, afungwe mdomo. Méthode akaona, haya, nimempata.

Alimkuta kwenye stesheni ya Seven Hills, anangoja treni.

"Mzee, unataka kuniuliza kama ni mimi nilimuua," alisema Kawira. "Uliza tu, usizunguke."

"Nauliza ulifuata nini."

"Nilimpelekea dawa ya presha. Alikataa kliniki, eti watamdunga. Presha yake ilikuwa juu kama bei ya nyumba za hapa. Nilifika saa kumi na mbili na nusu jioni, saa moja kasoro nikatoka. Saa moja na nusu nilikuwa wodini, na wagonjwa wanane wananiita. Polisi waliuliza kazini wakathibitisha."

"Na yeye ulimwacha vipi?"

Kawira alivuta barakoa kidogo apate hewa. "Analia. Mtu mzima, analia na kamasi. Akaniambia, dada, kesho nitaomba radhi hewani, nimewadanganya watu. Nikamwambia omba leo. Akasema hapana, kuna mtu lazima asikie kwanza, uso kwa uso."

"Mtu gani?"

"Hakusema. Na mimi nilikuwa nachelewa."

"Hayo uliwaambia polisi?"

"Niliwaambia, wakaandika. Lakini si walikuwa na mtu wao tayari, mzee?"

Wiki mbili zilipita mwili ukiwa kwa madaktari wa serikali. Armel alikaa mahabusu, hata kutembelewa ni kwa skrini. Kule Marekani rais mpya aliapishwa, na kila televisheni ikawa inasema Januari sita, Januari sita, mpaka watoto wadogo wakaijua hiyo tarehe kama Krismasi.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu Généreuse aliruhusiwa kupanga mazishi, na msiba ukakaliwa. Amri ilikuwa wageni watano tu ndani ya nyumba. Kwa hiyo watu walilia kwa zamu. Watano wanaingia, wanakaa, wanaomba, wanatoka, na wengine wanangoja ndani ya magari yao barabarani huku viyoyozi vikinguruma. Tangu dunia iumbwe nani aliona kilio cha foleni?

Mchungaji Clifford aliingia zamu moja na Méthode. Suti nyeusi, barakoa nyeusi. Alimpa Méthode kiwiko badala ya mkono.

"Pole, Mzee Méthode. Kijana wako tunamwombea pia. Mungu husamehe hata damu."

"Asante. Mchungaji, wewe ulimwona marehemu lini mwisho?"

"Jumapili, kanisani. Siku ile ya matusi."

"Hukupita hapa Jumatano?"

"Ningepita saa ngapi, mzee? Jumatano jioni nilikuwa kwangu, peke yangu, unajua mke wangu amefungiwa Kenya na hii mipaka. Nilikuwa kwenye televisheni natazama wale watu wakipanda kuta za Bunge. Niliomba mpaka usingizi ukanichukua. Hata polisi niliwaambia nilikuwa nyumbani."

Méthode akaitikia kwa kichwa. Hakuona neno. Kisha Mchungaji akasimama kuomba, na aliomba vizuri, hilo hakuna aliyemnyima.

"Bwana, mfariji mjane. Mkumbuke na Chibalonza, dada wa marehemu, kule Nyarugusu, ambaye vipimo vyake vya afya vimepitwa na muda na safari yake ya Marekani imefutwa. Baba, mfungulie."

Wote wakasema amina. Généreuse hakusema. Zamu ilipokwisha, alimshika Méthode mkono wa shati.

"Shemeji, safari ya wifi yangu imefutwa? Wewe ulijua?"

"Mimi nimesikia kwake sasa hivi."

"Nimezungumza na Chibalonza kila siku tangu kaka yake afe. Hajatamka. Nilijua anapanda ndege mwezi wa tatu."

Walimpigia palepale. Sauti ya Chibalonza ilikuja na upepo ndani yake.

"Wifi, nisamehe. Niliona una msiba, nikuongezee mzigo gani? Waliniita ofisini Jumatano ile asubuhi, huko kwenu jioni. Vipimo vimeisha muda, nafasi hakuna, safari imefutwa. Nilimpigia kaka peke yake. Akaniambia nisimwambie mtu hata mmoja, atalitangaza mwenyewe. Nikanyamaza. Kesho yake nikasikia amekufa."

"Hata mchungaji wa kwetu hukumwambia?" aliuliza Méthode.

"Hata mtoto wangu, kaka."

Méthode alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mbele yake ilikuwa ile gereji, na alikuwa amekaa karibu na mahali alipokuwa amesimama yule askari kijana. Hapo ndipo kosa la pili katika maneno ya Mchungaji lilipomjia, na likamchoma kwa kuwa lilikuwa wazi siku zote hizo. Alimwita Kawira kwa simu. "Binti yangu, nisaidie Kiingereza. Nataka kumpata yule sajenti."

Jumapili saa tisa alasiri, wageni walikuwa Méthode, Kawira, Mchungaji Clifford na Sajenti Hollis. Wa tano alikuwa mkalimani, ndani ya simu, juu ya meza penye biskuti.

"Naona leo serikali nayo imekuja kulia," Mchungaji alitania.

Méthode aliuliza taratibu. "Mchungaji, jana uliomba kwa ajili ya Chibalonza. Nani alikuambia safari imefutwa?"

"Marehemu mwenyewe. Aliumia sana."

"Lini?"

"Hiyo Jumapili, nadhani."

"Jumapili Chibalonza mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Aliambiwa Jumatano, akampigia kaka yake jioni, na kaka alikufa usiku uleule. Simu yake hamna. Aliyeijua habari hiyo ni aliyeisikia kinywani mwake, hapo gerejini."

"Mzee, habari za kambini hutembea. Pengine nilisikia kwa mwingine."

"Kwa nani? Mtaje, tumpigie."

Mchungaji akamgeukia Sajenti, akaongea Kiingereza safi. "Mzee huyu ana uchungu wa mwanawe. Mimi nilikuwa nyumbani."

"Ukitazama nini?" aliuliza Sajenti.

"Bunge likivamiwa. Januari sita, dunia nzima inajua."

"Dunia ya kwao," alisema Méthode. "Jumatano jioni yetu, Marekani kulikuwa bado hakujapambazuka. Hakuna aliyekuwa amepanda ukuta. Mimi niliwaona wakivunja vioo nikiwa nimesimama hapo nje, Alhamisi asubuhi, na Akilimali kesha kauka."

Sajenti aliitikia polepole. "Na mimi niliwaona asubuhi hiyo, nikinywa kahawa nije kazini."

Mchungaji alivua barakoa, akaikunja mara mbili, na uso wake bila ile barakoa ulikuwa umezeeka.

"Aliniita," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Akasema, kesho nitawaambia watu kwamba wewe ulijua aliyekata idadi ya wakimbizi ni rais huyohuyo, ukanizuia nisiseme. Na ni kweli nilijua. Nilimwambia avumilie. Kulikuwa na kanisa kule, wazungu wenye kanisa kubwa, walisikia unabii wangu ukitafsiriwa wakaupenda. Waliniahidi mimbari. Mimi, Généreuse, nina shahada ya theolojia, na miaka kumi na moja nimekuwa nakwangua gundi chini ya meza za watu wanaoniita 'mate', rafiki, na jina langu hawalijui. Nikamwambia subiri nifike, nikifika nitamvuta Chibalonza. Akanicheka. Akasema, utamvuta na nini, na ulimi? Basi hata kesho singoji. Akanigeuzia kisogo awashe kamera."

"Na simu?" aliuliza Sajenti.

"Niliitupa kijitoni, Toongabbie."

Généreuse alikuwa hajasogea. "Ulimwombea mume wangu," alisema. "Ulishika kichwa changu ukaniombea."

"Nilimaanisha, dada."

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema Généreuse.

Jumanne Armel aliachiwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipewa mkanda wake wa suruali na funguo ndani ya mfuko wa plastiki. Méthode hakumpeleka nyumbani. Alimleta moja kwa moja Seven Hills, na Armel akasita mlangoni.

"Baba, mimi niliyemtukana, nitaingiaje?"

Généreuse ndiye aliyejibu, kutoka ndani. "Ingia. Kesho tunazika, na Akilimali hana ndugu wa kiume nchi hii. Wewe ndiye utakayetangulia kutia udongo."

"Mama Généreuse, mimi nilimwambia ni mwongo mbele ya watu wote."

"Ulimwambia mbele yake," alisema yule mjane, akimsogezea kiti. "Waliomsifu tunawajua. Kaa chini ule."